Ripoti ya dada inasema HER2 2+: asubiri FISH au apasuliwe kwanza?

"Shikamoo daktari. Dada yangu ana miaka 44. Mwezi uliopita alichukuliwa kinyama kwenye titi la kushoto, uvimbe una sentimeta 3. Majibu yametoka kuwa ni saratani, vipokezi vya homoni vipo, na mstari wa mwisho umeandikwa HER2 2+, jibu halijakamilika, FISH inashauriwa. Mtu mmoja ametuambia 2+ maana yake ni chanya na saratani hiyo ni kali mno. Mwingine kasema twende tukapime HER2 kwenye damu. Daktari wa upasuaji ameshampa tarehe, ni wiki mbili zijazo. Dada naye ameacha nyama, mayai na maharage kwa sababu amesikia HER2 ni protini. Je, 2+ ni nusu ya ugonjwa? Tusubiri hiyo FISH au aendelee na upasuaji? Na mimi na binti zangu, tumerithi?"

Marahaba, ndugu yangu. Mpe dada pole nyingi. Umeuliza mambo kadhaa kwa pamoja, lakini lenye haraka ni moja, nalo ni ile tarehe. Nalijibu kwanza: asiingie chumba cha upasuaji kabla jibu la FISH, yaani kipimo cha kuhesabu jeni za HER2 kwenye kinyama, halijatoka. Kama kuna sababu ya kutosubiri, basi daktari wa upasuaji na daktari wa saratani wakae pamoja, waitaje sababu hiyo mbele yenu. Jibu la kipimo hicho linaweza kugeuza mpangilio mzima wa matibabu, kipi kianze na kipi kifuate, na upasuaji ukishafanyika haurudishwi nyuma.

La pili ni chakula, kwa sababu hili linamuumiza leo. Dada arudi kwenye mayai, nyama na maharage yake. HER2 ni protini ambayo seli huijenga yenyewe kwa kufuata maelekezo ya jeni. Protini tunayokula huvunjwa tumboni na kwenye utumbo hadi vipande vidogo kabisa, asidi amino, na mwili huvitumia kujenga chochote unachohitaji: misuli, ngozi, kinga ya maradhi. Hakuna njia ya yai kwenda kuongeza HER2 kwenye uvimbe, na kuacha kula hakuipunguzi. Anachopoteza kwa kujinyima ni nguvu ya kuponya kidonda cha upasuaji na kuhimili dawa. Naona wagonjwa wengi wanaofika siku ya matibabu wamekonda kwa woga wa chakula, na inaniuma kila mara.

Sasa tuje kwenye HER2 yenyewe. Kwenye utando wa kila seli kuna vipokezi, yaani protini zilizopenya utando huo: kichwa kiko nje, mkia uko ndani. Kipokezi cha kawaida husubiri mjumbe. Mjumbe akifika, kipokezi hubadilika umbo, hushikana na mwenzake, na mikia yao huwashana kule ndani. Hapo seli inapata amri ya kukua na kugawanyika. HER2 ni kimoja cha ukoo wa vipokezi vinne, HER1 hadi HER4, na kina tabia ya peke yake: hakuna mjumbe wake anayejulikana. Umbo lake liko wazi muda wote, kama mtu aliyekwisha kunyoosha mkono akisubiri wa kushikana naye. Kipokezi kingine cha ukoo huo kikipata mjumbe, kinaikuta HER2 iko tayari, na HER3 ndiyo mwenza wake mkubwa.

Seli ya titi yenye afya ina nakala mbili za jeni ya HER2, moja ya mama na moja ya baba, kwenye kromosomu ya 17. Kwenye utando wake kuna vipokezi hivi makumi elfu. Katika saratani 15 hadi 20 kati ya kila 100 za titi, jeni hiyo imerudufiwa kimakosa ndani ya uvimbe, nakala zikawa 10, 20 au zaidi, na vipokezi vikafikia milioni 1 hadi 2 kwa seli. Vikisongamana kiasi hicho havihitaji tena kumsubiri mjumbe wa mtu. Vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe, na amri ya kukua haizimwi.

Aliyewaambia kwamba HER2 chanya ni kali hakuwadanganya. Anasimulia habari ya zamani bila sehemu yake ya pili. Mwaka 1987, Dennis Slamon na wenzake huko Marekani walichapisha uchunguzi wa saratani 189 za titi. Katika kundi lao, karibu 30 kati ya kila 100 zilikuwa na jeni iliyorudufiwa, na wanawake hao saratani iliwarudia mapema zaidi na wakafariki mapema zaidi. Wakati ule kuambiwa HER2 imezidi ilikuwa habari mbaya tupu. Lakini kitu kilichojaa nje ya seli kiasi hicho, tena kikiwa ndicho kinachoisukuma, kinaweza kulengwa. Ikatengenezwa kingamwili ya maabara, yaani protini inayonata kwenye shabaha moja tu, inayokishika kichwa cha HER2, ikaitwa trastuzumabu, na mwaka 1998 ikaidhinishwa Marekani kwa saratani iliyosambaa. Mwaka 2005 zikatoka tafiti kubwa za wanawake walioipata baada ya upasuaji wa saratani ya hatua za awali: hatari ya ugonjwa kurudi ilipungua kwa karibu nusu. Kwenye chupa na kwenye cheti mtaliona jina hilo bila u ya mwisho, msibabaike, ni dawa hiyohiyo.

Naomba uishike tofauti hii, kwa sababu ndiyo inayoipa HER2 uzito wake. Alama nyingi tunazopima kwenye saratani hutoa taarifa tu. PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ikipanda inatuambia kuna jambo, ila hatutoi dawa ya kuipiga PSA yenyewe. HER2 inatoa taarifa na papo hapo ni shabaha ya dawa. Ndiyo maana tunahangaika sana kuipima sawasawa: tukisema ipo wakati haipo, dada atapewa dawa ya mwaka mzima isiyo na kazi mwilini mwake, yenye madhara yake. Tukisema haipo wakati ipo, tumemnyima dawa ambayo ingemlinda.

Mimi ni mwanapatholojia, daktari anayesoma vinyama kwa darubini, na hizo alama za 0 hadi 3+ ndizo ninazoandika kila siku, hivyo ngoja nikukalishe kwenye kiti changu. Kinyama hulazwa kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kwa saa 6 hadi 72, kikagandishwa ndani ya nta, kikakatwa ukanda mwembamba kuliko unywele na kuwekwa juu ya kioo. Tunakimwagia kingamwili inayoitambua HER2 peke yake, na pale iliposhika hujitokeza rangi ya kahawia. Saratani ya 3+ naiona kwa lenzi ndogo kabisa, hata kabla sijakaa vizuri: kila seli imezungushiwa mstari mzito wa kahawia, na zikiwa pamoja zinafanana na wavu wa mvuvi uliotandazwa. Saratani ya 0 ni samawati tupu, au karibu tupu. Ya 1+ ina vumbi hafifu, vipande vya mstari visivyozunguka seli nzima, na lazima niende kwenye lenzi kubwa ndipo nivione.

Halafu kuna ya dada yako. Kwa lenzi ndogo nahisi kuna kitu, sina hakika. Naongeza ukuzaji, na kweli mstari upo, umezunguka seli nzima, umepita seli 10 kati ya kila 100, lakini ni mwembamba, rangi ya chai ya maziwa badala ya kahawa. Hiyo ndiyo 2+. Uzito huo wa rangi unaweza kutokea kwenye uvimbe wenye jeni iliyorudufiwa na unaweza kutokea kwenye uvimbe usio nayo, na jicho langu, hata baada ya miaka mingi, haliwezi kuzitenganisha. Kwa hiyo 2+ si nusu ya ugonjwa, wala haipimi ukubwa wa saratani, kusambaa kwake au hatua yake. Aliyeandika "jibu halijakamilika" amewatendea haki. Wasiwasi wangu ungekuwa mkubwa zaidi kama angeisukuma iende upande mmoja ili ripoti ionekane imekamilika.

FISH inaacha kutazama rangi ya utando na kwenda kuhesabu jeni zenyewe. Kwenye kiini cha kila seli tunabandika alama mbili zinazong'aa gizani, mara nyingi nyekundu kwa jeni ya HER2 na kijani kwa kitovu cha kromosomu ya 17. Tunazihesabu seli moja baada ya nyingine, zisizopungua 20. Seli ya kawaida ina nukta mbili nyekundu na mbili za kijani. Jeni ikiwa imerudufiwa, nukta nyekundu hujazana kama siafu pembeni mwa kijani mbili tatu, na hapo hakuna ubishi. Kwenye ripoti tafuteni namba mbili: uwiano wa nyekundu kwa kijani, na wastani wa nakala za HER2 kwa seli. Uwiano wa 2.0 au zaidi pamoja na nakala 4.0 au zaidi ni chanya. Chini ya namba zote mbili ni hasi. Namba zikipishana, moja juu na nyingine chini, vioo vyote viwili hutazamwa upya pamoja kabla ya uamuzi, msishangae mkiambiwa msubiri tena kidogo.

Kwa uzoefu wa jumla, nyingi za 2+ FISH huzitoa hasi. Sisemi hivyo ili mpuuze kipimo. Zile zinazotoka chanya ndizo zinazopata faida kubwa kabisa, na hatuwezi kuzijua kwa kukisia.

Tuipime sasa ile tarehe. Tuseme FISH imetoka chanya. Kwa uvimbe wa sentimeta 3, madaktari wengi wa saratani watapendelea dawa zitangulie: kemo (dawa za kuua seli za saratani) pamoja na trastuzumabu, mara nyingi na mwenzake pertuzumabu anayeishika HER2 mahali pengine na kuizuia isishikane na HER3. Huchukua takriban miezi 4 hadi 6, kisha upasuaji. Faida moja ni kwamba uvimbe hunywea na pengine titi linaokolewa. Faida nyingine naiona kubwa zaidi: nyama itakayotolewa itatuonyesha dawa zilivyofanya kazi mwilini mwake yeye. Kama hakuna seli hai ya saratani iliyobaki, ni dalili njema sana, anaendelea na dawa zilezile kukamilisha mwaka. Kama zimebaki, anahamishiwa dawa nyingine, trastuzumabu emtansini, ambayo ni kingamwili ileile iliyobebeshwa sumu ya kuua seli. Utafiti uliochapishwa mwishoni mwa 2018 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa namna hiyo kuhama kulipunguza kwa nusu hatari ya saratani kurudi au kifo, ikilinganishwa na kuendelea na trastuzumabu ya kawaida. Mkianza na upasuaji, taarifa hiyo imepotea. Hatutajua kamwe uvimbe ungeitikiaje.

Tuseme imetoka hasi. Hapo upasuaji wa wiki mbili zijazo unaweza kuwa sahihi kabisa, na kwa kuwa vipokezi vya homoni vipo, dawa za homoni zitakuwa nguzo ya matibabu yake kwa miaka kadhaa, mionzi na kemo zikiamuliwa kulingana na tezi za kwapani na mengineyo. Kwa hiyo tarehe huenda isibadilike hata kidogo. Ninachosema ni kwamba iwe tarehe iliyothibitishwa baada ya jibu. Saratani ya ukubwa huu imejenga mwili wake kwa muda mrefu, na wiki moja au mbili za kusubiri jibu sahihi si hatari ya kulinganisha na kuanza njia isiyo yake.

Kuna jambo hapa mtalisikia, na nataka mlisikie kwangu kwanza. Saratani za 1+, na za 2+ ambazo FISH ni hasi, siku hizi huitwa HER2 ya kiwango cha chini. Mwaka 2022 dawa moja, trastuzumabu derukstekani, iliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa kundi hili ambao saratani yao imeshasambaa. Nayo ni kingamwili yenye sumu, na sumu yake ikishafunguliwa ndani ya seli moja huweza kupenya hadi seli jirani, hivyo haihitaji kila seli iwe imejaa HER2. Ni hatua kubwa ya kitabibu na naifurahia kwa moyo wote. Lakini haimhusu dada kwa sasa ikiwa saratani yake iko kwenye titi pekee, na ina madhara ya kuangaliwa kwa makini, hasa mapafu yenyewe kuvimba kwa ndani. Trastuzumabu ya kawaida nayo ilijaribiwa pamoja na kemo kwa wanawake wa kundi hili la chini wenye ugonjwa wa awali, na haikuwaongezea kitu. Mtu akiwashauri aichome "kwa tahadhari tu" hata kama FISH ni hasi, kataeni kwa heshima.

Ikiwa chanya, muulizeni daktari kuhusu moyo kabla ya dozi ya kwanza. Misuli ya moyo nayo hutumia HER2 kidogo kujirekebisha, na dawa ikiizuia huko, nguvu ya moyo kusukuma damu inaweza kushuka. Kwa wengi hushuka bila dalili na hurudi dawa ikisimamishwa, ndiyo maana anapimwa eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) kabla ya kuanza na kisha takriban kila miezi 3. Mwaka mmoja ndio kipimo cha kawaida cha matibabu. Miaka miwili ilijaribiwa haikuzidi, ila moyo uliumia zaidi. Na kwa kuwa ana miaka 44: dawa hizi humdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo asishike mimba wakati wa matibabu wala katika miezi 7 baada ya dozi ya mwisho. Kwa saratani yake yenye vipokezi vya homoni, njia ya uzazi wa mpango iwe isiyo na homoni.

Kuhusu damu. Ni kweli kichwa cha HER2 huweza kukatika kwenye seli na kuelea kwenye damu, na kinaweza kupimwa. Lakini kiwango hicho hakituambii kwa uhakika kama uvimbe ni chanya, na uamuzi wa kutoa dawa haufanywi kwa damu. Okoeni fedha hizo. Jibu liko kwenye nyama.

Na wewe na binti zako hamjarithi HER2 iliyozidi. Kurudufiwa kwa jeni hiyo hutokea ndani ya uvimbe, katika maisha ya mgonjwa, na hakumo kwenye yai wala mbegu. Kinachoweza kurithiwa ni kasoro za jeni nyingine, BRCA1 na BRCA2 zikiwa zinazojulikana zaidi, na hizo hupimwa kwa damu au mate. Kwa kuwa dada amepatikana na ugonjwa kabla ya miaka 50, ni haki yenu kumuuliza daktari wake kuhusu kipimo hicho, na aanze kupimwa yeye mgonjwa ndipo mjue kama ninyi mna la kutafuta. Ikiwa kwenye ukoo kuna wengine waliougua saratani ya titi, ya ovari au ya kongosho, andikeni majina na umri wao mwende nayo.

Kesho asubuhi pigeni simu maabara iliyosoma kinyama, muulize jambo moja: bloku ya nta yenye kinyama bado ipo, na nyama iliyobaki inatosha kwa FISH? Mara nyingi inatosha, na dada hachomwi tena. Kama maabara hiyo haifanyi FISH, bloku hutumwa kwingine, ikiambatana na ripoti yenye namba yake. Ulizeni pia kinyama kilikaa muda gani kwenye formalini na kilichelewa kiasi gani kuwekwa humo. Nimewahi kupokea vinyama vilivyokaa karibu siku nzima kwenye chombo kikavu, na hakuna kipimo cha HER2 ninachoweza kukiamini juu ya nyama ya namna hiyo. Hapo ni bora achukuliwe kingine. Halafu nendeni kwa daktari wa upasuaji kabla ya siku yenyewe, mkiwa na ripoti mkononi, mmwombe awakutanishe na daktari wa saratani.

Msisubiri miadi yoyote, nendeni hospitali siku hiyohiyo, iwapo titi litavimba ghafla, ngozi yake iwe nyekundu na yenye vinyweleo vilivyodidimia kama ganda la chungwa, au akianza kupumua kwa shida, kuumwa mgongo usiomwacha alale, miguu kukosa nguvu, au kichwa kizito kisichopoa pamoja na kutapika. Hizo haziamuliwi kwa barua wala kwa FISH, zinahitaji daktari amshike na amtazame kwa macho yake.